Mashine ya santuri isiyoshika kasi: namna ya kulitafuta kosa katika mashine za zamani zisizotumia mkanda

Mashine ya santuri ambayo mota yake huizungusha sahani moja kwa moja, bila mkanda wala gurudumu la mpira katikati, iliingia sokoni mwaka 1970 kampuni ya Matsushita ya Japani ilipotoa Technics SP-10. Kwa miaka kumi iliyofuata viwanda vikubwa vya Japani, kama Denon, Sony, Pioneer na JVC, vilitengeneza mashine za aina hiyo kwa wingi, na nyingi kati yake bado zinafanya kazi. Mota zake hazina brashi za kuchakaa, beringi zake huzunguka polepole mno kiasi kwamba haziliki upesi, na sahani yenyewe ni nzito na imara. Kwa hiyo kinachozeeka kwa kawaida si mota, bali ni elektroniki inayoiamuru mota. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu watu wengi husikia muziki ukiyumba, wakaihukumu mota kuwa imekufa, wakaitupa mashine nzuri ambayo ilihitaji kusafishwa swichi tu.

Kasi inavyotawaliwa

Mota ya aina hii haijui kasi yake; huambiwa. Mahali fulani chini ya sahani kuna kihisi kinachotoa mapigo ya umeme kadiri sahani inavyozunguka. Katika mashine nyingi kazi hiyo hufanywa na koili iliyo ndani ya mota yenyewe, ilhali Denon na Sony, katika mashine zao kadhaa, waliupaka ukingo wa ndani wa sahani tabaka la sumaku lenye alama zilizorekodiwa, kisha wakaweka karibu yake kichwa kidogo cha aina ileile inayosoma utepe wa kaseti. Mapigo hayo hupelekwa kwenye saketi ya kulinganisha, ambayo huyapima dhidi ya kasi iliyoagizwa: yakiwa machache, huagiza mota iongezewe nguvu, yakizidi, huagiza ipunguziwe. Sehemu ya tatu ni transista au chipu za nguvu, ambazo hupitisha umeme kwenye koili za mota kwa kufuata agizo hilo. Mzunguko huu mzima wa taarifa, ulinganisho na amri huitwa servo, na kosa la kasi lisipokuwa la kimakanika hukaa katika mojawapo ya sehemu hizo tatu au katika umeme unaozilisha zote.

Ukishalielewa hilo, dalili zinaanza kukuelekeza. Sahani inayokimbia kwa kasi isiyozuilika mara tu unapobonyeza kitufe ni, mara nyingi, sahani ambayo mapigo ya kihisi chake hayafiki yanakotakiwa. Saketi inadhani sahani bado imesimama, hivyo inazidi kuisukuma, kama dereva anayeendelea kukanyaga mafuta kwa kuwa spidomita yake imeganda kwenye sifuri. Sahani inayosita kuanza hadi uisukume kwa kidole, au ambayo wakati mwingine huanza kwa kurudi nyuma, kwa kawaida imepoteza koili moja au mojawapo ya vihisi vinavyoiambia saketi sumaku ziko wapi, na bila taarifa hiyo saketi haijui iwashe koili ipi. Sahani inayopanda na kushuka taratibu bila kutulia ina servo inayojirekebisha kupita kiasi, na hapo kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme kwa muda) na umeme mchafu ndio washukiwa wa kwanza. Kasi inayoruka ghafla unapogusa swichi au kitelezi, yaani kile kifundo cha kuteleza cha kurekebishia kasi, inaonyesha uchafu. Nayo kasi iliyo sahihi kwenye mizunguko 33⅓ kwa dakika lakini mbovu kwenye 45 inaiondolea mota lawama karibu yote, maana mota ni ileile. Tofauti iko kwenye swichi ya kuchagulia kasi au kwenye potenshometa ndogo ya kasi hiyo, yaani rezista inayozungushwa ili kubadili ukinzani wake.

Kuna mgawanyo mwingine unaofaa kuujua kabla ya kushika bisibisi. Mashine za mwanzo hulinganisha mapigo na volti ya rejea inayotengenezwa na rezista na potenshometa, kwa hiyo kasi yake husogea kidogo kadiri vipuri vinavyopata joto, na ndiyo sababu ziliwekewa vifundo vya kurekebishia kasi juu kabisa, mbele ya msikilizaji. Zile zilizoenea kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hulinganisha mapigo na kristali ya kwatzi, ambayo hutetemeka kwa mwendo usiobadilika. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979. Kristali haizeeki kwa namna ya kupoteza asilimia moja au mbili ya kasi. Mashine ya kwatzi ama imejifunga kwenye kasi yake ama haijajifunga. Ukiikuta mashine ya kwatzi iko nyuma kwa asilimia mbili, usihangaike na kristali. Tafuta kwa nini haijifungi. Katika SL-1200MK2 kipimo ni chepesi sana: kitelezi kikiwa katikati, taa ya kijani ikawaka na kasi ikatulia, lakini ikaanza kuyumba unapokisogeza, basi kosa limo ndani ya kitelezi na hakuna haja ya kwenda mbali zaidi.

Pima kwanza

Sikio hutambua upesi kuyumba kwa sauti, hasa kwenye noti ndefu za piano, lakini ni hakimu dhaifu wa kasi ya wastani. Muziki ulio chini kwa nusu asilimia huwapita wasikilizaji wengi bila kutambuliwa, na ukishaizoea mashine yako unaweza kuishi na kosa kubwa kuliko hilo ukidhani santuri ndizo zilizorekodiwa hivyo. Kwa hiyo usiguse chochote kabla hujaandika namba kwenye karatasi.

Njia isiyohitaji kifaa chochote ni kuhesabu. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, washa saa ya simu kinapopita mbele yako, na uhesabu mizunguko. Kwenye 33⅓ mizunguko 100 huchukua sekunde 180 kamili. Kwenye 45, mizunguko 90 huchukua sekunde 120. Ukipata sekunde 182 kwenye kipimo cha kwanza, sahani inazunguka mara 32.97 kwa dakika, yaani ni pungufu kwa asilimia 1.1. Pima mashine ikiwa baridi, kisha uiache izunguke nusu saa na upime tena, kwa sababu tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ina maana: kasi inayobadilika pamoja na joto huelekeza kwenye kapasita, transista au lehemu iliyopasuka, wakati kosa lisilobadilika hata kidogo mara nyingi ni la marekebisho tu.

Kuhesabu hukupa wastani, hakukuonyeshi kuyumba. Kwa hilo tumia alama za stroboskopu, ama zile zilizo kwenye ukingo wa sahani ama diski ya karatasi iliyochapwa mistari. Taa inayotumia umeme wa gridi ya 50 Hz (mawimbi 50 kwa sekunde) humulika mara 100 kwa sekunde, na ndiyo sababu diski ya 33⅓ kwa umeme huo ina mistari 180. Kwa umeme wa 60 Hz mistari ni 216. Kasi ikiwa sahihi, mistari huonekana imesimama. Ikitambaa kuelekea upande sahani inakozungukia, kasi imezidi. Ikirudi nyuma, imepungua. Hapa pana hesabu ambayo ni wachache wanaoitumia ingawa ni rahisi mno: kwa taa ya 50 Hz, mstari mmoja ukipita alama uliyoweka kila sekunde, kosa ni asilimia 1, ukichukua sekunde kumi kupita, kosa ni asilimia 0.1. Kwa jicho na saa peke yake unapata usahihi unaotosha kwa marekebisho yote yaliyoelezwa humu. Kwa upande wa 45, ufahamu kwamba mistari kamili kwa 50 Hz ingekuwa 133 na theluthi moja, jambo lisilowezekana kuchapwa, hivyo diski huwa na 133, na mistari ikisimama tuli sahani inazunguka mara 45.11 kwa dakika. Tofauti hiyo ya robo asilimia ni ya diski, si ya mashine.

Stroboskopu inaweza kudanganya kwa njia mbili. Taa za kisasa za LED nyingi hazipepesi kwa mwendo wa gridi, kwa hiyo mistari hufifia au hucheza ovyo chini yake. Tafuta balbu ya kizamani au taa iliyotengenezewa kazi hii. Pili, taa ndogo ya neoni iliyo ndani ya mashine za mwanzo hufuata umeme wa gridi, na umeme huo ukitoka kwenye jenereta ambayo mwendo wake unapanda na kushuka, mistari itatambaa hata kama sahani haina kosa lolote. SL-1200MK2 na wenzake waliondokana na udhaifu huu kwa kuiwasha taa kwa mapigo ya kwatzi yao wenyewe.

Ukitaka kuona zaidi, cheza santuri ya majaribio yenye sauti moja ya 3150 Hz huku programu ya simu ikipima sauti hiyo. Kasi ikiwa pungufu kwa asilimia 1 utasoma takriban 3118. Faida kubwa ya njia hii ni mchoro wa kuyumba unaopata. Pima muda kati ya kilele kimoja na kingine. Kuyumba kunakojirudia kila sekunde 1.8 kwenye 33⅓, na kila sekunde 1.33 kwenye 45, kunafuata mzunguko wa sahani, na mara nyingi chanzo chake ni tundu la santuri lililotobolewa kando ya kitovu. Tundu likiwa nje kwa milimita 1 tu, sindano inaposoma umbali wa milimita 100 kutoka katikati sauti itapanda na kushuka kwa asilimia 1 katika kila mzunguko, bila servo kuwa na hatia yoyote. Weka santuri nyingine. Kuyumba kukitoweka, mashine ni nzima. Kukibaki kulekule kwa kila santuri, chunguza sahani yenyewe na sumaku zake. Kuyumba kusiko na uhusiano na mzunguko wa sahani, kwa mfano kunakojirudia kila baada ya sekunde kadhaa au kunakokuja bila mpangilio, kunatoka kwenye elektroniki.

Kabla ya kufungua

Angalia kwanza volti. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinahitaji volti 100, na nyingine zina swichi ya volti iliyofichwa chini ya sahani au nyuma, ambayo mmiliki wa zamani anaweza kuwa aliiacha pasipostahili. Marudio ya umeme, 50 au 60 Hz, hayabadilishi kasi ya mashine hizi jinsi yanavyobadilisha kasi ya mashine nyingi za mkanda za zamani. Mtu akikuambia kosa lako linatokana na hilo, amechanganya aina mbili za mashine.

Chomoa plagi kisha zungusha sahani kwa mkono. Inapaswa kwenda muda mrefu bila kelele na kusimama taratibu, ingawa katika baadhi ya mashine utahisi sumaku zikivuta kidogo. Ikikwaruza au ikisimama upesi, beringi imekauka au kuna kitu kinagusa. Mwongozo wa SL-1200MK2 unaagiza matone 2 au 3 ya mafuta kila baada ya saa 2000 za matumizi, na agizo hilo linatosha kwa mota nyingi zinazofanana nayo. Tumia mafuta mepesi ya mashine yasiyo na viongezi vya injini. Mafuta ya kupikia huganda, na spirei za kulegeza skrubu zilizoshika kutu hukausha beringi badala ya kuilainisha, kwa hiyo usizikaribishe hapo.

Kisha teremsha sindano kwenye santuri huku ukitazama mistari ya stroboskopu. Servo yenye afya haitikisiki kabisa. Mistari ikianza kurudi nyuma mara sindano inapogusa, mota haipati nguvu ya kutosha, na safari yako itaishia kwenye umeme wa ndani au kwenye transista za nguvu.

Kufungua kwa usalama

Plagi iwe imechomolewa, si kuzimwa tu, kwa sababu katika mashine nyingi transfoma hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Subiri dakika kadhaa ili kapasita kubwa zijitoe chaji, kisha uhakikishe kwa multimita, yaani kipima umeme. Ondoa sindano, funga mkono wa mashine kwenye kishikio chake, na uinue sahani kwa mikono miwili bila kuiinamisha.

Itazame sahani kabla ya kuiweka chini. Katika SL-1200MK2 na ndugu zake sumaku ya mota imefungwa chini ya sahani yenyewe, maana yake ni kwamba sahani ni sehemu ya mota. Sumaku hiyo huvuta skrubu, vipande vya waya na chembechembe za chuma, na kipande kidogo kikinaswa hapo kitakwaruza koili sahani itakaporudi. Iweke kichwa chini juu ya kitambaa safi, mbali na meza ya kazi, na ukiona chembe zimeng'ang'ania, ziondoe kwa utepe wa kunata. Kwa mashine zenye ukingo wa sumaku uliorekodiwa tahadhari ni kubwa zaidi: usiuguse kwa bisibisi yenye sumaku wala usiukaribishe spika, kwa kuwa alama zikifutika hakuna namna rahisi ya kuzirudisha.

Swichi na potenshometa, chanzo cha makosa mengi

Ningeshauri kila mtu aanzie hapa hata kama dalili zinaelekea kwingine. Swichi ya kuchagulia kasi, kitelezi, na zile potenshometa ndogo za kurekebishia zilizo kwenye bodi hupitisha umeme mdogo sana, na umeme mdogo hauna nguvu ya kupenya tabaka jembamba la kutu linalojengeka juu ya chuma kwa miaka 40. Ukiitazama potenshometa ndogo kwa kioo cha kukuzia utaona kiwambo cha kaboni chenye umbo la kiatu cha farasi, na juu yake kidole chembamba cha chuma kilichosimama mahali palepale tangu kiwandani. Chini ya kidole hicho ndipo penye kosa. Mguso ukilegea kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, saketi ya kulinganisha inasoma agizo jipya la kasi, na sahani inatii.

Kabla ya kuigusa, piga picha ya bodi na uweke alama ya kalamu nyembamba inayoonyesha kidole kimeelekea wapi. Nyunyiza tone la dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ile inayoacha kilainishi kidogo, kisha zungusha potenshometa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara 20 hivi, na uirudishe kwenye alama yako. Fanya vivyo hivyo kwa swichi, ukiibonyeza mara nyingi dawa ingali mbichi. Kitelezi kinataka uangalifu zaidi, kwa kuwa kina grisi nzito iliyowekwa makusudi ili kitembee taratibu. Dawa kali huiyeyusha na kuiacha mikono ya mtumiaji ikihisi ulegevu. Ikiwezekana kifungue, futa kaboni kwa pamba yenye pombe safi ya isopropili, na urudishe grisi ya vitelezi. Dawa yoyote usiipulizie ovyo karibu na mota, maana itaosha mafuta ya beringi.

Viunganishi vya waya kati ya bodi na mota navyo vinahitaji kuchomolewa na kuchomekwa mara chache. Ni kazi ya dakika moja, na huponya mashine nyingi kuliko inavyotarajiwa.

Acha kila kitu kikauke, rudisha sahani, na upime tena kwa njia ileile uliyotumia mwanzoni. Kwa kosa la kasi inayoruka ovyo, kazi nyingi huishia hapa.

Umeme wa ndani, kapasita na lehemu

Kama kosa limebaki, pima umeme unaoilisha bodi. Mwongozo wa ufundi wa mashine yako huonyesha pointi za kupimia na volti zinazotakiwa. Katika SL-1200MK2, kwa mfano, ni takriban volti 21 za umeme mnyoofu (DC) baada ya regulata, yaani kipuri kinachotuliza volti. Kazi hii hufanywa mashine ikiwa na umeme na mara nyingi sahani ikiwa mahali pake, kwa hiyo isimamishe mashine juu ya vitalu imara, weka mkono mmoja tu kwenye kazi, na ukae mbali na upande wa transfoma. Asiyezoea kupima vifaa vyenye umeme ampelekee fundi hatua hii. Kuomba msaada hapa ni busara. Volti ikiwa chini au ikipandapanda, servo yote iliyo mbele yake haiwezi kulaumiwa. Geuza multimita upande wa umeme wa kubadilika (AC): kwenye pointi hiyohiyo unapaswa kusoma karibu na sifuri. Usomaji mkubwa unamaanisha kapasita kubwa ya kuchujia imechoka na mawimbi ya gridi yanapenya.

Kapasita za elektroliti hukauka, nazo hukauka upesi zikiwa karibu na regulata yenye joto. Unapozibadilisha, uwezo uwe uleule, volti iwe sawa au zaidi kidogo, kiwango cha joto kiwe nyuzi 105, na ncha chanya na hasi zikae zilivyokuwa. Badilisha chache kisha upime, halafu chache nyingine. Siafiki tabia ya kuzing'oa zote kwa siku moja: likitokea kosa jipya, na hutokea, hujui ulilisababisha wapi, na tena unapoteza nafasi ya kujua lipi lilikuwa kosa la awali. Kapasita za plastiki zilizo kwenye saketi ya kupimia muda huchaguliwa kwa kutobadilika na joto. Usiziweke elektroliti mahali pake kwa sababu tu namba zinalingana.

Lehemu nayo ichunguzwe chini ya mwanga mkali, hasa kwenye miguu ya viunganishi, ya regulata na ya chipu zinazopata moto. Pete nyembamba nyeusi inayouzunguka mguu ni ufa. Iyeyushe upya kwa lehemu mbichi kidogo. Ufa wa namna hii ndio hufanya mashine iwe sawa ikiwa baridi na iharibike ikishapata joto, au iwe sawa unapobonyeza bodi kwa kijiti cha plastiki na iharibike unapoiachia. Ukikuta transista ndogo za miaka ya 1970 zenye miguu iliyogeuka myeusi, zishuku, kwa sababu weusi huo ni madini ya fedha yaliyopakwa juu ya miguu yakiliwa, na huenda hadi ndani.

Kihisi, koili na chipu

Tukifika hapa tumebaki na makosa machache lakini mazito. Kwa sahani inayokimbia ovyo, fuata njia ya mapigo kutoka kwenye kihisi. Katika mashine zenye kichwa na ukingo wa sumaku, angalia nafasi kati yake: ni sehemu ndogo ya milimita, na kichwa kilichosogezwa na pigo au skrubu iliyolegea hakisomi chochote. Safisha uso wake kwa pamba na pombe, na ukilazimika kukisogeza, fanya hivyo kidogokidogo huku ukizungusha sahani kwa mkono kuhakikisha haigusi popote katika mzunguko mzima. Kwa kihisi cha koili, multimita itakuambia kama waya wake umekatika: lazima usome ukinzani fulani, usiwe sifuri wala usiwe bila mwisho.

Kwa sahani inayosita kuanza, pima koili za mota moja baada ya nyingine ukiwa umechomoa plagi. Usomaji wa koili hizo unapaswa kukaribiana sana. Koili moja ikitofautiana mno na wenzake, mota ina kosa la kweli, na dawa yake huwa ni mota ya mashine nyingine ya aina hiyohiyo. Koili zote zikiwa sawa, kinachobaki ni vihisi vya nafasi au chipu ya kuendeshea mota. Chipu hizi, kama AN6675 iliyomo kwenye SL-1200MK2, zimeacha kutengenezwa zamani, na zinazouzwa sasa ni mchanganyiko wa masalio halisi na za kughushi. Ndiyo maana nimeiweka chipu mwishoni: ibadilishe pale tu ambapo umeshathibitisha kwamba umeme unaoingia ni safi, mapigo yanafika, na koili ni nzima.

Marekebisho ya mwisho

Potenshometa za kasi zirekebishwe baada ya kosa kuondolewa, si kabla. Anayezizungusha mapema hufaulu kuirudisha kasi kwa siku chache, kisha kapasita iliyochoka inaendelea kuchoka na kasi inaondoka tena, safari hii bila alama ya kiwandani ya kurejea.

Iache mashine izunguke nusu saa. Weka vifundo au kitelezi cha nje katikati. Tumia bisibisi ya plastiki, kwa kuwa ya chuma inaweza kuisumbua saketi wakati unarekebisha, na uzungushe potenshometa ya 33⅓ kwa kiasi kidogo mno, ukisubiri sekunde chache kila mara mistari itulie. Fanya 33⅓ kwanza, kisha 45, kisha urudi kuikagua 33⅓, kwa sababu katika baadhi ya saketi kurekebisha moja huisogeza nyingine. Mistari ikitambaa chini ya mmoja kwa sekunde kumi, kwa mashine isiyo na kwatzi umefika. Kwa mashine ya kwatzi isitambae kabisa chini ya taa yake yenyewe.

Zima na uwashe mara kadhaa, ukitazama sahani inachukua muda gani kufikia kasi. SL-1200MK2 nzima hufika 33⅓ kwa sekunde 0.7, ingawa mashine nyingi za nyumbani huchukua mzunguko mmoja au miwili bila hilo kuwa kosa. Cheza santuri nzima pande zote mbili, kisha urudie kuhesabu mizunguko 100 na uandike jibu pamoja na tarehe kwenye kipande cha karatasi. Kibandike ndani ya kifuniko cha chini kabla ya kufunga skrubu, ili atakayeifungua mashine hiyo tena, uwe wewe au mtu mwingine, awe na namba ya kulinganisha.